Mzee Aketiye Barazani



Tumeombwa kuzungumza juu ya wazee na wagonjwa wa muda mrefu wa parokia zetu za pwani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya kando ya mto Ruvuma. Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tulilishuhudia. Mwaka 2022, polio ilipoonekana Malawi na kisha Msumbiji, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba nchini kote wakiwatafuta watoto wa chini ya miaka mitano. Walifanya kazi njema. Katika nyumba nyingi aliyewapokea alikuwa bibi, maana wazazi walikuwa shambani au baharini. Bibi alimleta mjukuu, akashukuru, akarudi kuketi barazani. Hakuna aliyeuliza habari zake, wala mchanjaji hakuwa na chochote cha kumpa.

Mchanjaji hana kosa. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975 kwa ajili ya watoto na mama wajawazito. Aliyetimiza miaka 60 leo alikuwa amekwisha kupita umri wa chanjo za utotoni mpango ulipoanza. Wengi wa rika lake hawana alama nyingine ila kovu la ndui, na ndui yenyewe ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Mtu huyu alikosa utotoni, na sasa anakosa uzeeni. Shirika la Afya Duniani huwataja wazee, pamoja na wenye kisukari, pumu na maradhi ya moyo, miongoni mwa wanaostahili kwanza chanjo ya homa ya mafua. Chanjo hiyo haimo katika ratiba yetu ya kawaida. Mkulima aliyejikata kwa jembe hupewa ya pepopunda akishaumia, ikiwa atafika zahanati.

Nani basi hupata? Jirani zetu Waislamu waendao Hija huchanjwa homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa Saudi Arabia haiwapokei bila hati ya chanjo. Nasi twafurahi pamoja nao. Lakini tuangalie vizuri: mzee mwenye nguvu na mali ya kusafiria analindwa, na yule asiyeweza kutembea hadi barabarani Kilambo halindwi.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Julai 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa, waliotangulizwa ni watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi ya muda mrefu. Safari hiyo foleni ilianzia kwa wazee. Baba Mtakatifu Fransisko, sasa marehemu, aliita kuchanjwa kuwa tendo la upendo. Nasi tukiri: uvumi ulifika hadi mlangoni mwa kanisa, na baadhi yetu tuliokuwa na mimbari tulinyamaza. Wazee waliamini walichosikia kwa sababu hawakusikia kingine.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee, na asiye na uwezo husamehewa malipo ya matibabu. Twaishukuru. Hata hivyo, msamaha wa malipo haumfaidii mtu kwa chanjo ambayo haikuagizwa, wala haumlipii mzee wa Msangamkuu nauli ya kivuko.

Tufanye nini? Kwanza wajukuu wasikose zamu zao. Chanjo ya nimonia, inayotolewa kwa watoto wetu tangu 2013, hupunguza vijidudu vitokavyo puani mwa mtoto na kuingia kifuani mwa bibi anayelala naye mkeka mmoja. Kisha swali la wazee liulizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na mbele ya kamati ya zahanati, liandikwe katika muhtasari, lisiishie katika mazungumzo ya njiani.

Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo, zikisaidiwa na WAWATA, ziandike majina ya wazee na wagonjwa wasioweza kufika zahanati kwa miguu, Wakristo na Waislamu bila kubagua, pamoja na wale waliovuka mto kutoka Msumbiji na hawana kadi yoyote. Orodha iletwe parokiani kabla ya masika, njia za bondeni zingali zikipitika.