Mshale na Taa: Kutia Vipimo Katika Motokaa ya Zamani

Leo nataka kusema nanyi habari ya kutia vipimo katika motokaa ya zamani, yaani zile saa ndogo zenye mshale ambazo mafundi wetu huziita geji. Najua kwamba wengi katika ninyi hamna motokaa. Lakini ni nani asiyepata kupanda gari la mwenziwe, akaketi karibu na dereva, akaviona vipimo vile asijue vinasema nini?

Motokaa yangu ni Morris Minor ya mwaka 1962. Aina hiyo ilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na mwishoni mwa mwaka 1960 ikawa motokaa ya kwanza ya Kiingereza kufikia idadi ya 1,000,000. Ni gari jepesi na la kuaminika, ila halisemi sana. Katikati ya dashibodi pana saa moja kubwa ya mwendo, na ndani yake kipimo cha petroli. Zaidi ya hayo ni taa ndogo tu: moja ya oili, moja ya chaji, na moja ya taa kubwa za mbele. Maji ya injini hayana wa kuyasemea.

Upungufu huo naliujua siku moja ya likizo, nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Mombo i chini ya milima ya Usambara, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Barabara ni kama kilometa 30 na kidogo, nayo ni mlima na kona. Nyuma nalipakia masanduku ya vitabu, na kando yangu aliketi baba mkwe wangu. Tulipofika nusu ya njia akaniambia, “Mwanangu, nasikia harufu ya rangi inayoungua.” Nikatazama taa zangu, zote zilikuwa zimezimika. Nikamjibu kwa adabu kwamba gari ni zima, huenda ni moto wa mashamba. Hatukwenda hata kilometa 2, mvuke ukafuka mbele yetu hata nisione njia.

Rejeta ilikuwa imezibwa na kutu. Maji yalichemka yakamwagika, gasketi ikaungua, na silinda hedi ikapinda. Matengenezo yalikula mshahara wangu wa mwezi mzima, na mwezi uliofuata nikakopa. Lakini lililoniumiza zaidi ni kwamba nalimkanusha mzee mbele ya ushahidi wa pua yake. Na taa hazikusema uongo, kwa maana hakuna hata moja iliyowekwa kulinda maji.

Fundi mzee aliyeifungua injini alinitazama akasema, “Mwalimu, ulimngoja mgonjwa akate roho ndipo umwulize hali.” Hata taa ya oili, alinieleza, haiwaki mpaka msukumo wa oili umeshuka karibu na sifuri, ikiwaka dereva akiwa mwendoni, aghalabu madhara yamekwisha kuanza. Taa hujua maneno mawili tu, kuna na hakuna. Mshale huonyesha jambo likiwa bado njiani.

Basi nalinunua geji tatu: ya maji, ya oili, na ya umeme wa betri. Ya oili niliyoichagua ni ile isiyotumia umeme. Ndani yake mna bomba jembamba lililobanwa likawa bapa, tena likakunjwa kama mundu. Oili ikiingia kwa nguvu, bomba hutaka kujinyoosha, kama mpira wa kumwagilia bustani unavyofurukuta maji yakifunguliwa ghafula. Na ncha yake ikisogea, huvuta mshale. Shauri hilo ni la Mfaransa Eugène Bourdon, aliyepata hati yake mwaka 1849.

Geji yangu ya maji ina bomba la namna hiyo hiyo, lakini mwisho wake ni tumba dogo la shaba linalozamishwa katika maji ya injini. Ndani yake mna kiowevu kigeukacho mvuke upesi. Kikipata moto, mvuke husukuma kwa njia ya bomba jembamba kama unyasi mpaka kwenye mshale. Mimi kwa ujinga nalitaka kulikata bomba hilo, kwa kuwa lilikuwa refu kupita haja. Fundi alinishika mkono. Likikatwa au kuvunjika, mvuke hutoka na geji imekufa. Lililozidi hukunjwa duara kubwa na kufungwa mahali pasipo moto.

Kabla ya kuifunga nalitaka kuijaribu. Nikateleka sufuria nyumbani, maji yakachemka sana, nikatumbukiza lile tumba. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye digrii 95, ukakataa kuendelea. Nikangoja, nikachochea kuni, bado 95. Nikaifunga katika karatasi yake niirudishe dukani, tena nimekwisha kutunga maneno makali ya kumwambia mwenye duka. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili, aliyekuja kuazima kitabu, akasimama mlangoni akasema, “Samahani, Mwalimu. Hapa Lushoto maji huchemka kwa digrii ngapi?”

Wasikilizaji, somo hilo nalikuwa nimewafundisha mwenyewe. Maji huchemka kwa digrii 100 pwani, lakini kila upandapo kama mita 300 hupungua karibu digrii 1, kwa kuwa hewa inayoyagandamiza ni nyepesi. Kwa mita 1,400 basi ni 95 na kitu. Geji ilikuwa kweli tupu, na mwalimu ndiye aliyekosa. Kwa sababu iyo hiyo kifuniko cha rejeta kina springi: hukaza msukumo ndani, ili maji yasichemke upesi. Kwa hiyo msifungue kifuniko hicho injini ikiwa moto. Maji yaliyozuiliwa huruka usoni.

Kazi ya kufunga ni ya saa chache, lakini pana mambo matatu ambayo nimeyaona yakiharibu magari ya watu. Kwanza bomba la oili. Injini hutikisika na dashibodi haitikisiki sana, basi bomba la shaba lililonyoshwa moja kwa moja huchoka likapasuka, na oili yote humwagwa na pampu ile ile iliyowekwa kuilinda injini. Likunjeni duara moja au mawili karibu na injini. Linapopita katika bati, litieni pete ya mpira lisikatwe na makali. Tena msiing’oe ile taa ya zamani; tumieni kiungo cha njia tatu, taa na mshale vifanye kazi pamoja, kwa maana dereva hawezi kutazama mshale kila dakika.

Pili, umeme. Ondoeni waya wa betri kabla ya kugusa cho chote. Katika motokaa kama hii yangu upande wa betri uliofungwa kwenye bodi ni wa chanya, si wa hasi kama katika magari ya siku hizi. Geji mpya nyingi za umeme hutaka hasi. Atakayeunga bila kuuliza huenda akaiunguza geji siku ile ile. Nami nalichagua kipimo cha volti kuliko kile cha ampea, kwa kuwa cha ampea hupitisha karibu umeme wote wa gari ndani ya dashibodi, na waya wake ukilegea moto hauko mbali. Cha volti huhitaji waya mwembamba tu, wenye fyuzi yake.

La tatu ni la kusoma. Geji haina faida kwa asiyejua desturi ya gari lake. Mwezi mzima nalikuwa na daftari: asubuhi injini ikiwa baridi, mlimani, tambarare, na gari likisimama. Nikajua kwamba injini yangu ikiwa moto, katika mwendo wa kawaida, mshale wa oili hukaa karibu ratili 60 kwa inchi ya mraba, na gari likisimama hushuka hata 15 au 20. Ya maji nayo ina hila yake. Tumba hupima kile kilicholizunguka. Ikiwa maji yamemwagika yote, limebaki katika hewa, basi mshale uliokuwa juu huweza kuanguka ghafula, na dereva akashukuru kwamba injini imepoa. Mshale ukianguka hivyo mlimani, zimeni injini pale pale.

Mwaka uliofuata nalishuka tena njia ile ya Mombo pamoja na baba mkwe. Kwenye kona ya tatu nikaona mshale wa oili unatetemeka, unashuka, kisha unarudi tulipopata mahali paliponyoka. Kona iliyofuata vivyo hivyo. Taa haikuwaka. Nalisimama, nikachomoa kijiti cha oili. Ilikuwa chini ya alama ya chini kabisa, ikihamia upande mmoja kila gari lilipopinda, na pampu ikivuta hewa. Kizibo cha chini kilikuwa kimelegea. Nikakikaza kwa spana, nikamimina kopo la oili nililochukua akiba, nikawasha injini. Mshale ukasimama mahali pake.

Mzee alikuwa amekaa kimya muda huo wote. Ndipo akauliza, “Leo umeisikia harufu gani, mwanangu?” Nikamwonyesha geji. Akaitazama sana, akaomba nimsomee tarakimu zake moja moja mpaka Mombo.

Na ile sufuria ya majaribio mke wangu hakuipokea tena jikoni. Imo nyuma ya motokaa, imejaa spana.