Mlangamia Haujui Ua Ni wa Nani
(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na vijana, Kaloleni, Nairobi)

Leo tunataka tuzungumze juu ya zile nyuzi za manjano zilizofunika ua wetu wa kayaba.

Kwanza tukiri kosa letu. Tulipoziona mara ya kwanza tulisema ni pambo tu, zinapendeza. Zilipozidi, sisi wa huduma ya jamii tulichukua mapanga pamoja na vijana wawili, tukakata juu juu, taka tukazitupa karibu na bustani ya akina mama. Baada ya majuma machache managu na nyanya zilikuwa zimefungwa kama mzigo wa kuni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza managu apate pesa za daftari za watoto alibaki mikono mitupu. Halafu minong'ono ikaanza: nani amemwonea nani wivu? Jamani, hapakuwa na mchawi. Yalikuwa ni mapanga yetu.

Basi tuujue mmea huu. Wataalamu huuita Cuscuta. Huko Pwani mimea ya namna hii huitwa mlangamia. Aina mbili zinazosumbua Kenya zilitoka ng'ambo, moja Asia na nyingine Marekani ya Kaskazini. Mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walionya kwamba mimea hii inatishia mashamba ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo si shida ya Kaloleni peke yake.

Utautambuaje? Hauna majani ya kuonekana. Ni nyuzi tupu, za manjano, za rangi ya chungwa au kijani hafifu. Ukiufuata mpaka chini, haufiki ardhini. Mche wake hutoka kwenye mbegu udongoni, lakini ukishashika mmea mwingine, mzizi wake hufa. Pale unapojizungusha utaona vinundu vidogo. Hivyo ndivyo midomo yake, huingia ndani ya shina na kunyonya maji na chakula. Mti unapika, mlangamia unakula. Pasheni nayo hupanda ua, lakini ina majani na mizizi yake, inaegemea tu. Hiyo msiikate!

Sasa, mbona kukata kwetu kulileta hasara? Kwa sababu kinundu kikibaki kwenye tawi, mlangamia huchipua tena. Tena kipande kibichi kikiangukia mmea mwingine kinaweza kushika upya. Nazo mbegu zake, ndogo sana, zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Tukate kabla haujatoa vile viua vidogo vyeupe, ili usiangushe mbegu.

2. Tukate tawi lenyewe, chini ya mahali uliposhika. Tusivute nyuzi tu. Mboga iliyoshikwa ing'olewe yote.

3. Kila kipande kiingie guniani papo hapo. Tusikitupe jalalani wala kwenye mbolea. Tukianike kwenye saruji kikauke kabisa, kisha tukichome mbali na nyumba.

4. Tukung'ute nguo na kusafisha mapanga kabla ya kwenda ua mwingine.

5. Turudi kuangalia kila baada ya majuma mawili. Bustani iliyoshambuliwa ipandwe mahindi kwa misimu kadhaa, maana kwa kawaida mlangamia hauwezi kuishi juu ya mahindi.

Dawa ya kuua magugu tusiikimbilie. Mara nyingi huua na mti wenyewe, na mboga zetu ziko hapo hapo.

Mtaa wetu ulijengwa miaka ya 1940, nyumba zikitazamana, ua kwa ua. Ukisafisha upande wako na jirani akaacha wake, umefanya kazi bure. Ndiyo maana tunaomba nyumba zote za mstari huu zitoke siku moja, Jumamosi asubuhi, kila moja na gunia lake. Yule mama tutamsaidia kwanza, kwa kuwa hasara yake ilitoka kwetu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa tusikilize maswali yenu.