Aliyeumia Mgongo Asiinuliwe kwa Haraka
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumetakiwa tuseme neno juu ya kuwasaidia majeruhi, nasi tumechagua jambo moja tu, kwa kuwa lilitukuta wenyewe.

Wengi wenu mwazijua safari za uhamisho: vyombo vyote vya nyumba juu ya lori, na mwenye vyombo juu ya vyombo. Mwenzetu mmoja, karani wa masjala, alianguka hivyo penye kona, akafikia mgongo. Tulipomwendea alikuwa akisema, na vidole vya miguu akivichezesha. Tukashukuru, tukadhani ni mzima. Wawili wakamshika makwapa, wawili miguu, tukamkalisha katika motakaa ndogo iliyokuwa ikipita, tukaenda mbio katika njia ya mashimo. Tulipofika hospitali hakuweza kuchezesha hata kidole kimoja. Lililomharibu ni anguko, au ni mikono yetu? Daktari hakutuambia, wala sisi hatukuthubutu kumwuliza.

Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, 5 za kiuno, na zilizosalia chini zimeungana. Katikati yake hupita ugwe laini wa mishipa ya fahamu, uchukuao amri za ubongo hata viungoni na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Pingili yaweza kuvunjika na ugwe ukabaki salama. Lakini mfupa uliolegea ukisogezwa, waweza kuubana au kuuchana. Mfupa huunga, ugwe hauungi kama mfupa. Ukiharibika kiunoni au kifuani, miguu hupooza, na haja hazizuiliki. Ukiharibika juu shingoni, hata pumzi yaweza kukoma.

Kwa hiyo aliyeanguka kutoka mnazini, aliyepinduka na gari au pikipiki, au aliyejitosa penye maji haba akagonga kichwa, na adhaniwe ameumia uti mpaka daktari aseme sivyo. Hasa akilalamika shingo au mgongo, au akisikia ganzi. Kwamba aliinuka akatembea si ushahidi.

Na aachwe pale alipo, isipokuwa pana moto, maji, au magari yatakayomkanyaga. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Asiwekewe mto, asikalishwe, asinyweshwe maji. Wala asiulizwe maswali ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa! Lakini pumzi hutangulia mgongo: akitapika au akikorota kama asongwaye, na alazwe ubavu, kichwa, mabega na nyonga vikigeuka pamoja kama gogo moja.

Ikiwa hapana budi kumchukua, itafutwe machela, au mlango ung'olewe bawabani. Watu wanne ndio wafaao: mmoja kichwani, wengine mabegani, nyonga na miguuni. Aliye kichwani ndiye ahesabuye, na wote wamfuate. Hapa ndipo tugombanapo, maana kila mmoja hutaka kuamuru, na mwenye cheo kuliko wote ndiye asiyejua.

Liko jambo dogo ambalo hatukulijua. Zamani wengi waliopooza hivi walikufa kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya mkojo. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, Dkt. Ludwig Guttmann alianza kazi ya kuwauguza, wakigeuzwa kitandani kila saa 2, mchana na usiku, na wengi wakaishi. Nyama isiyo na fahamu haimwambii mwenyewe kwamba yabanwa, na kidonda chaweza kuanza katika saa chache za safari. Kwa hiyo mifuko yake na ipekuliwe taratibu kabla ya kuondoka.

Mwenzetu alikuwa na funguo za ofisi katika mfuko wa nyuma. Alizikalia njia nzima asizisikie, na kidonda kile kilichukua miezi kupona.