"Hiyo video ni feki": ushahidi wa vita hupimwaje?

1/ Leo tuangalie jibu linalofunga mjadala haraka kuliko yote: "Hiyo video ni feki." Msimamo wangu ni huu: picha peke yake ni madai. Inakuwa ushahidi ikishapimwa.

2/ Chukua Kameruni. Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye sare wakiwapiga risasi wanawake wawili na watoto wawili, mmoja akiwa mgongoni mwa mamake. Serikali ikasema ni habari feki.

3/ Wachunguzi wa BBC hawakubishana. Walidokezwa na mtu wa Kameruni watafute karibu na mji wa Zelevet, kaskazini mwa nchi. Wakalinganisha umbo la milima kwenye video na picha za setilaiti. Zikalingana.

4/ Tarehe je? Urefu wa vivuli vya watu ulionyesha jua lilikuwa wapi. Wakapata kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015.

5/ Septemba 2020, mahakama ya kijeshi iliwafunga wanajeshi wanne miaka 10 kila mmoja.

6/ Lakini kamera haijui nani alitoa amri. Hilo analijua aliyekuwepo. Shida ni kwamba mlima hautishwi, shahidi hutishwa. Hapa kwetu zaidi ya watu 1,100 waliuawa kwenye ghasia za 2007/08, na kesi za ICC hazikumtia mtu yeyote hatiani. Kesi ya mwisho ilipovunjika 2016, jaji mmoja alisema wazi kuwa mashahidi walikuwa wameingiliwa. Kwa hivyo ukisikia "kesi ilianguka", usielewe "hakuna kilichotokea". Ni vitu viwili tofauti kabisa.

7/ Sasa wewe mwenye simu ufanye nini? Hifadhi faili ya kwanza, usiikate wala kuiandika juu. Picha ikipitia WhatsApp kawaida hupoteza taarifa za mahali na saa ilipopigwa. Na tafadhali, usiposti sura ya shahidi ati ndio watu waamini. Anaweza kulipa kwa maisha yake, na kesi ikose mtu wa kusimama kortini.

8/ Mtu akikwambia "feki", muulize tu: ni mlima upi haulingani? Kivuli gani? Akikosa jibu, hajakanusha kitu. Amebisha tu. Maswali karibuni, lakini majina ya wanasiasa yaacheni nje.