Kamba, Maua na Mawe
(Hotuba ya mgeni katika maadhimisho ya mwaka wa Hekalu)



Mfuko wenu wa hisani mwaka huu umeelekezwa kwa yatima, nanyi mmeniomba, mimi mhudumu wa afya, niseme neno. Nitasema juu ya ubongo.

Mtoto afikapo miaka miwili, ubongo wake umekwisha kufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ule wa mtu mzima. Njia zake zinazotumika huimarika. Zisizotumika hupotea, kama kijia cha ng'ombe kinavyoota nyasi. Mtoto anayelia akabebwa hujifunza kutulia. Anayelia akachapwa hujifunza kukaa macho daima, na baadaye ndiye tunayemwita mkorofi.

Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani, kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz, walichapisha habari za watoto 38 wa kituo kimoja cha yatima hapahapa Tanzania. Waliyoyakuta yanauma: vipigo vya kituoni vilihusiana na maradhi ya nafsi kuliko hata vipigo vya nyumbani walikotoka. Kwa hiyo tiba haikuelekezwa kwa watoto peke yao. Walezi nao walifundishwa kulea bila fimbo, na watoto waliosumbuliwa na kumbukumbu mbaya wakapewa tiba ya masimulizi. Katika tiba hiyo mtoto hutandaza kamba sakafuni. Ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye furaha huweka ua, penye maumivu jiwe, kisha husimulia yaliyompata, naye husikilizwa. (Kusikilizwa! Wangapi kati yetu tulisikilizwa utotoni?) Vipigo vilipungua sana, na dalili za maradhi zikashuka.

Kwetu, msimu wa pamba, mtoto mchanga hubaki mgongoni mwa dada wa miaka saba. Simlaumu mama, mgongo ule ni bora kuliko kitanda cha kituo kisicho na mtu. Huko Bucharest, Romania, watoto waliotolewa vituoni wakapewa familia kabla ya kutimiza miaka miwili walipata nafuu kubwa kuliko waliochelewa.

Ramani ya bweni jipya iliyotundikwa pale mlangoni ni nzuri. Naomba, kwa heshima, bweni hilo lisijengwe mwaka huu. Fedha zake ziajiri walezi wa kuwabeba wachanga, na zilizobaki zinunue unga na sabuni kwa bibi ambaye tayari amemchukua mjukuu.