Ultrasaundi Yapewa Kazi Mpya

Msikilizaji, ultrasaundi tunaijua: jeli ya baridi tumboni, mtoto kwenye skrini. Wanakemia sasa wanaitafutia kazi nyingine. Huko Aachen, Ujerumani, watafiti hutengeneza polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, na kuifungia dawa. Mawimbi ya ultrasaundi yakiipiga, mnyororo hukatika pale palipopangwa na dawa hutoka. Polima nyingine huachilia pia kitu king'aacho, hivyo kwa darubini unaona ni seli ipi iliyofikiwa.

Faida yake? Chukua doksorubisini, ile dawa nyekundu ya saratani. Ikizunguka mwili mzima hupukutisha nywele, na moyo nao unaweza kudhurika. Mwaka 2018 madaktari wa Oxford walichapisha jaribio la wagonjwa 10 wenye uvimbe kwenye ini. Dawa ilitiwa ndani ya vifuko vya mafuta, si polima, ikafunguliwa kwa joto la ultrasaundi. Kiwango chake ndani ya uvimbe kilipanda, kwa wastani, karibu mara nne.

Polima zenyewe bado ziko maabara. Na kwetu Kisii na Nyamira kuna kikwazo kingine: saratani ya umio, inayosumbua sana magharibi mwa Kenya, hukaa kifuani, katikati ya mapafu, nyuma ya mbavu. Hewa na mifupa huyazuia mawimbi hayo. Kwa hiyo anayekwamwa na ugali kooni asingoje Aachen. Aulizie endoskopi, ile kamera inayoteremshwa kooni, kabla hata uji haujaanza kumshinda.