Burashi ya Fundi na Robo Saa ya Mwisho

(Mazungumzo yaliyosemwa mbele ya mafundi wa rangi katika mkutano wa tawi)



Leo hatukuja kusema habari ya nyongeza ya mshahara. Tumekuja kusema habari ya burashi. Huenda wengine watauliza, "Chama kina shughuli gani na burashi?" Jibu letu ni hili: burashi ikiwa ngumu kama ukuni, mwenye kuulizwa ni fundi, na mara nyingine bei yake hutolewa katika mshahara wake. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sana.

Kwanza yafaa tujue kwa nini burashi hukauka. Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yake huruka hewani, na kilichobaki hushikana kuwa ngozi moja. Ikiisha kushikana, hata ukiiloweka majini siku nzima haitalegea. Rangi ya mafuta si hivyo. Mafuta yake huvuta hewa, na hewa hiyo huyageuza kuwa kitu kigumu. Basi adui wa burashi ya rangi ya mafuta ni hewa. Ukiizuia hewa, burashi hubaki laini.

Wakati wa chakula hakuna haja ya kuosha. Viringisha burashi katika kipande cha plastiki ya kufunikia sakafu, ukaze vizuri penye shingo. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku katika Kenya mwaka 2017, kwa hiyo tusiitegemee hiyo.

Ikiwa kazi ya rangi ya mafuta itaendelea kesho, toboa mpini, pitisha waya katika tundu, na uulaze waya juu ya mdomo wa mkebe wenye maji, burashi ining'inie ndani. Maji yafunike nywele zote, lakini ncha isiguse chini, maana burashi inayosimama juu ya nywele zake hupinda. Asubuhi ikung'ute na kuifuta juu ya ubao mkavu mpaka maji yaishe. Dawa hii ni ya usiku mmoja au mbili tu, kwa sababu bati la shingoni hupata kutu.

Burashi ya rangi ya maji usiilaze majini. Nywele za nguruwe hunywa maji, huvimba na kulegea. Hiyo ioshwe jioni ile ile.

Kazi ikiisha kabisa, na burashi zarudi stoo, fuata mambo haya:

1. Kamua rangi kwenye mdomo wa mkebe, kisha paka juu ya gazeti kuukuu mpaka karibu ikauke.

2. Osha kwa dawa inayopatana na rangi: maji na sabuni kwa rangi ya maji, tapentaini kwa rangi ya mafuta. Mimina tapentaini kidogo, osha, kisha urudie kwa tapentaini safi. Usitumie petroli, mvuke wake hushika moto upesi mno.

3. Fungua nywele kwa vidole mpaka karibu na bati. Hapo ndipo rangi hujificha, na hapo ndipo burashi huanza kufa.

4. Maliza kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu, mpaka povu litoke jeupe.

5. Kung'uta, nyoosha nywele, zifunge kwa karatasi ili zishike umbo lake, kisha itundike au uilaze. Nywele za nguruwe huliwa na nondo. Katika stoo weka vidonge vya naftalini.

Tapentaini chafu usimwage mtaroni. Itie katika chupa yenye kifuniko. Rangi itatua chini, na ile safi ya juu utaitumia tena. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike pembeni. Huweza kupata joto yenyewe na kuwaka moto usiku. Yatie ndani ya mkebe wa maji.

Sasa, ndugu, haya yote yataka muda. Fundi akiambiwa apake ukuta mpaka dakika ya mwisho, halafu lori la kuwarudisha watu liko tayari kuondoka, ataosha saa ngapi? Samaki hukunjwa angali mbichi, na burashi huoshwa rangi ingali mbichi. Robo saa ya kuosha vyombo ni kazi kama kazi nyingine, nayo yapasa ihesabiwe ndani ya saa za kazi. Tapentaini, sabuni na mikebe ni gharama za kazi, si za mfuko wa fundi. Na kwa kuwa tapentaini hudhuru ngozi, glavu zitolewe: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe kinga mfanyakazi anayeshika vitu vya kudhuru.

Juu ya kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri akate kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Angalieni neno hilo, makusudi. Burashi iliyokwisha kwa kupaka kuta si makusudi. Burashi iliyokauka kwa kuwa fundi hakupewa nafasi wala dawa ya kuosha si makusudi. Lakini burashi iliyotupwa na rangi yake, huku maji na sabuni vipo, hiyo ni taabu kuitetea.

Kwa hiyo twawaomba mambo mawili. Kila fundi arudishe burashi laini, mwakilishi wetu apate la kusema mezani. Na kila mahali ambapo robo saa hiyo hainapatikana, mwambieni mwakilishi mapema, kabla ya siku ya mshahara.